Bomba la Moshi Jikoni kwa Mama

Daktari alisema wazi: kifua cha mama yangu kimeharibiwa na moshi, na akiendelea kupikia mafiga matatu katika kile chumba kisicho na dirisha, tusije kulalamika baadaye. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akarudi kwake kijijini Rhotia, akawasha moto.

Mimi naishi Karatu mjini na napikia gesi, na kwa sababu hiyo tu najiona nimesoma. Nikamtafuta fundi, akamjengea mama jiko banifu la matofali na udongo, lenye bomba la bati linalotokea juu ya paa. Kisha nikampa mafunzo, mimi ambaye yeye ndiye aliyenifundisha kuwasha moto. Kuni ziwe kavu, zipasuliwe ndogo ndogo. Majivu yatolewe kila asubuhi. Bomba lisuguliwe masizi kila mwezi, kwa kipande cha gunia kilichofungwa kwenye mti mrefu. Mama alitoka nje, akautazama moshi ukipanda.

"Na huo moshi wangu unampelekea nani?"

Nilicheka sana. Nilidhani ni utani.

Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Kikohozi kilipungua, macho yakaacha kuwa mekundu, nami nikawa sisemeki. Kila niliyekutana naye nilimhubiria habari za majiko. Kisha Jumamosi moja, mvua zikiwa karibu, nilifika nikamkuta mama ndani ya wingu zito, anasonga ugali kwa kubahatisha, anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikamtoa nje, nikampigia fundi simu, nikamtukana vizuri, yeye na ufundi wake na chuo alichosomea, kama kipo.

Maskini, alikuja na bodaboda hata kabla hasira zangu hazijaisha. Akafungua kamlango ka kutolea masizi chini ya bomba, akaingiza mkono, akavuta. Ikatoka sweta. Sweta yangu ya sekondari, mkono mmoja umeungua.

"Dada," akasema, kwa upole wa mtu aliyetukanwa bure, "na hii niliiweka mimi?"

Mama, aliyetufuata ndani, hakuona aibu hata kidogo. Aliisukumia humo mwenyewe, kwa mti ule ule wa kusugulia masizi. Akanyoosha kidole juu.

"Angalia dari."

Juu ya jiko yalining'inia mahindi yake ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yao. Nilikulia chini ya mahindi hayo bila kuyatia maanani. Sasa yalikuwa yakidondosha unga mweupe: wadudu dumuzi walishaingia, kwa kuwa hapakuwa na moshi wa kuwafukuza. Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku alipoolewa kutoka Endabash, na kila mwaka ameipanda, akavuna, akairudisha pale pale moshini.

"Dukani kuna mbegu," nikasema. Sijui kwa nini mdomo wangu haujawahi kunipenda.

"Daktari aliniuliza habari za kifua," mama akajibu. "Wewe ukaniuliza habari za kifua. Za mbegu aliniuliza nani?"

Niliona aibu, aibu ya kweli. Hata fundi alijifanya anafunga kamlango kake. Nikamsihi mama, safari hii bila mahubiri, aache bomba liwe wazi.

"Mama, mimi nakutaka wewe. Hayo mahindi tutayafanyaje, sijui."

Alijifuta macho kwa pindo la kanga.

"Basi yapeleke kwako mjini," akasema. "Weka mafiga, uyafukize wewe. Kifua chako bado kizima."

Nikavuta kigoda, nikapanda, nikaanza kuyafungua mahindi.