Thrash kwa Sauti ya Chini

Siku hizi vijana wanabishana mtandaoni kuhusu albamu za thrash, ule muziki wa magitaa ya kelele na kasi, za miaka ya mwanzo, zile zilizopita bila kusikika, na kila mmoja anajifanya yeye ndiye aliyeziokota. Ninawasoma roho ikiniuma. Ile wanayoisifu kuliko zote, ya kundi lililotoa albamu moja tu na kusambaratika, mimi niliijua nikiwa na miaka kumi na saba, kijijini karibu na Rubya, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Hakuna aliyeniuliza.

Nina wivu, nakiri mapema. Ulianza wakati wa vita.

Mabomu yalipoanza kusikika upande wa Bukoba, familia moja ya Kihindi yenye duka mjini ilikimbilia kwetu Muleba. Baba alikuwa mteja wao wa siku nyingi, akinunua kwao vipuri vya baiskeli. Walilala chumba chetu cha wageni kwa wiki kadhaa, wakala matoke yetu, na mtoto wao wa kiume, aliyezungumza Kihaya vizuri kuliko hata sisi, akawa rafiki wa kaka yangu. Walikuwa rika moja. Kabla ya hapo kaka alikuwa wangu peke yangu: mimi ndiye niliyekwenda naye kuchota maji, mimi ndiye niliyeshika ngazi akiangua maparachichi. Familia ile iliporudi mjini kaka alikuwa ameshagawanywa, na fungu langu lilikuwa dogo.

Watu wenye elimu zao wakisikia habari hizi huniambia kwamba tuliupenda muziki wa kelele kwa sababu ya mizinga tuliyoisikia utotoni. Upuuzi mtupu. Mizinga ilitufanya tulale chini kwenye migomba tukitetemeka. Thrash ilitufanya tusogee karibu.

Ilitufikia katikati ya miaka ya themanini. Rafiki wa kaka alikuwa na binamu Uingereza aliyekuwa akimtumia kaseti. Kaka alikuwa amemaliza shule Kahororo na kupata ukarani kwenye ghala la kahawa Bukoba, na jioni alikaa kwa rafiki yake nyuma ya duka. Rafiki alimrekodia nakala, na Jumamosi kaka alishuka kwenye basi akiwa na kaseti mfukoni, haina jalada, haina picha, imeandikwa tu kwa kalamu ya wino. Majalada yalibaki mjini. Yule mwenzake alijua sura za wapigaji, majina yao, majina ya nyimbo. Mimi nilizipa nyimbo majina yangu ya Kihaya. Moja niliiita Enjura, yaani mvua, kwa sababu ya ngoma zake.

Na tulisikiliza kwa sauti ya chini kabisa. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwetu, ule ambao watu waliuita kwa jina la shati lililokuwa fasheni, kwa kuogopa kuutaja wenyewe. Kwetu jirani akifiwa, jembe haliingii kibanjani, kwenye shamba la migomba, na redio haifunguliwi mpaka matanga yaishe. Sasa majirani wasipomaliza kufiwa, utaifungua lini? Kaka aliiweka redio kaseti kitandani, akaifunika blanketi, akaweka sikio upande mmoja wa spika na mimi upande mwingine, vichwa vimegusana. Mama alipita siku moja akainama kusikiliza, akasema, "Waitu, jamani, hawa nao wamefiwa na nani?"

Nadhani ndiyo maana nilizijua albamu zile kuliko wengi waliozipiga mpaka madirisha yakatetemeka. Ukisikiliza kwa sauti ya chini, kelele zinaondoka, kilichobaki ni kazi. Unasikia jinsi mpiga gitaa anavyozikata nyuzi kwa kiganja, kila mkato na uzito wake. Kaka na rafiki yake walizipenda zile za makundi makubwa, zilizorekodiwa vizuri, kila kitu kimepigwa pasi. Mimi niliipenda ile moja iliyodharauliwa. Imerekodiwa vibaya, kweli. Gitaa la besi liko mbele kuliko linavyotakiwa, mwimbaji anaishiwa pumzi, na kwenye wimbo wa pili upande wa pili mpiga ngoma anapotea kabisa, sekunde mbili hivi, halafu anarudi kwa hasira kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. Hawakufuta. Walikuwa vijana, fedha za studio zilikuwa zimewaishia, wakaliacha kosa lao hapo hapo. Na albamu nzima ilikuwa inakwenda taratibu, nzito, inaburuta. Kaka alinicheka. "Wewe unapenda makombo," alisema. Lakini kila Jumamosi aliiweka kwenye redio ile ile, na hakuirudisha mjini.

Halafu kaka akaanza kukonda. Alirudi nyumbani na begi moja, na hakuna aliyemuuliza likizo inaisha lini.

Nilimuuguza mimi. Nitasema jambo baya: katika miezi ile kulikuwa na siku ambazo nilikuwa na furaha. Kaka alikuwa amerudi kuwa wangu. Nilimsafisha, nilimnywesha uji, na mchana akitaka muziki aliomba albamu moja tu, ile yangu ya makombo. Rafiki yake alimtumia betri mpya kwa kondakta wa basi, wakati betri zilikuwa shida kupata. Kaka alinizuia nisizitie. "Hizo mpya weka kwenye tochi ya mama," aliniambia. "Tumia zile za zamani, zianike kwanza." Nikazianika juani juu ya jiwe kama kawaida, nikidhani anabana matumizi.

Jumapili moja baada ya misa rafiki yake alikuja mwenyewe, kwa pikipiki, nguo nzima vumbi jekundu. Nilimkuta uani kabla hajafika mlangoni.

"Dada, habari za mgonjwa?"

"Amelala," nikasema.

"Nitasubiri."

"Amelala usingizi mzito. Daktari amesema asiamshwe."

Hakuna daktari aliyesema hivyo. Kaka alikuwa macho, nyuma tu ya ukuta pale, ananisubiri nigeuze kaseti. Yule kijana aliacha mfuko wa machungwa, akaondoka. Nilipoingia kaka aliuliza, "Nani alikuwa nje?" Nikamjibu ni muuza samaki. Akasema, "Ana pikipiki siku hizi?" Nikageuza kaseti. Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, na katika siku hizo tisa sikupata nguvu ya kumwambia ukweli, na sikuutafuta sana.

Matanga yalipokwisha nilitumwa Bukoba kuchukua sanduku lake kwenye chumba alichokuwa amepanga. Rafiki yake ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alinikaribisha nyuma ya duka, mama yake akanipa chai ya maziwa, na kwa mara ya kwanza nikayaona majalada. Yalikuwa mengi, yamepangwa kwenye rafu, na kati yake lilikuwa lile la albamu yangu. Picha yake ilikuwa mbaya, imechorwa na mtu asiyejua kuchora mikono. Nilisoma jina halisi la Enjura. Lilinichukiza.

Akaiweka kwenye mashine kubwa ya umeme, akapandisha sauti.

"Siyo hii," nikasema.

"Ndiyo hii, dada."

"Siyo. Hawa wanakimbia."

Walikuwa wanakimbia kweli, kama wanafukuzwa, sauti nyembamba, ngoma hazishikiki. Sekunde zile mbili za kupotea zilipita hata sikuziona. Alinitazama, akaanza kucheka, kisha akaacha. Akanieleza polepole kwamba betri zikichoka kaseti huzunguka kivivu, na muziki hushuka. Miaka yote nilikuwa nimeisikiliza albamu isiyokuwapo. Nilijisikia mjinga, na juu ya ujinga nikajisikia nimeibiwa: kumbe kaka na huyu walikuwa na albamu yenyewe, mimi nikaachiwa ile iliyokaribia kufa.

"Kaka yako hakuipenda hii," akasema. "Nikiiweka alikuwa ananiambia nizime. Anasema ya nyumbani ndiyo yenyewe, hii imeharibiwa kwa haraka. Nilimwomba mara nyingi nije Muleba niisikie. Alikataa. Alisema ile ni ya kwake na dada yake."

Alikuwa ananiangalia kwa macho ambayo niliyatambua mara moja, maana nilikuwa nimemwangalia yeye hivyo miaka kumi. Alinionea wivu. Mtu mwenye umeme, rafu na majalada alikuwa amenionea wivu mimi, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto.

"Naweza kuja siku moja tuisikilize?" akauliza. "Mara moja tu. Nataka kusikia alichokuwa anasikia."

"Redio imeharibika," nikasema.

Ilikuwa nzima. Aliitikia kwa kichwa, akanibebea sanduku mpaka stendi, akaongea na kondakta nisitozwe mzigo. Njia nzima kurudi Muleba nilijiona mshindi.

Wiki iliyofuata kondakta yule yule alishusha boksi kwetu. Ndani kulikuwa na redio kaseti ndogo ambayo nilikuwa nimeiona kwenye meza ya kando ya kitanda cha rafiki yule, imefungwa kwa taulo. Kulikuwa na karatasi: "Dada, hii badala ya iliyoharibika, ili usikose kuisikiliza yenu." Hakuomba tena kuja. Betri alizoziweka zilikuwa kuukuu. Alikuwa ameandika kwa kalamu juu ya kila moja kwamba imetumika.

Mama aliniambia niandike barua ya kushukuru. Nilianza mara tatu. Kila nikifika kwenye neno "redio" kalamu iligoma, kwa sababu baada ya hapo ilinibidi niandike kwamba yetu ilikuwa nzima, kisha habari ya ile Jumapili na pikipiki. Kabla mwaka haujaisha duka lilifungwa, familia ikahamia Kanada, na anwani hakuna aliyeachiwa.

Nimeshazinunua albamu zile zote sasa, na majalada yake. Nikiwasoma vijana wa mtandaoni bado nawaonea wivu, lakini ni wivu mdogo, wa kupita. Wivu wenyewe ni kwa yule mmoja. Alipokaa kutafuta betri zilizochoka, moja moja, ili mimi nimsikie kaka yangu vizuri, alimpenda kaka kuliko nilivyompenda mimi, na sijawahi kumsamehe.