Dude la Kijerumani Nililolisugua

Mwanangu, ipo siku moja nikiikumbuka hucheka peke yangu, kisha huona haya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hapa Makangale. Nguvu zishafika, akili bado zilikuwa njiani.

Jirani yetu Bi Mize, nilokuwa nikimwita mama, alifungua sanduku la zamani pamoja na Hamadi, mtoto wa ami yake. Baba zao walikaa nyumba moja, na vitu vyao vilichanganyika. Mkatoka dude la chuma lenye kutu. Nikaligeuza: nyundo. Nikaligeuza tena: shoka. Nikaipanua mikono yake: koleo! Na ncha ya mkono mmoja, bisibisi. Ubavuni limeandikwa Germany. Mie niliishia darasa la tano, nikasema labda fundi wa Kijerumani alikuwa na wateja wanne na chuma kimoja.

"Hili la baba," akasema Bi Mize.

"Baba yako alikuwa mtu wa muhogo," Hamadi akamjibu. "Hili la baba yangu, alokuwa seremala."

Babake Bi Mize alifariki wakati wa vita vikuu vya pili, binti yake akingali anatambaa. Hakuachiwa picha wala kofia. Alitaka angalau kitu kimoja alichokishika baba yake. Babake Hamadi useremala aliuanza vita vishakwisha. Basi nikatumwa nilipeleke Tumbe kwa Mzee Faki, mtu wa karakana, anayezijua zana za Wajerumani, aseme umri wake: likiwa la kabla vita havijesha, la babake Bi Mize; likiwa la baada, la babake Hamadi.

Sasa sisi kwetu, mwanangu, mtu mzima hapelekewi kitu kichafu. Nikajiambia kizuri chajiuza. Nikakaa na msasa, nikaja na tupa, nikamalizia kwa mchanga na makumbi ya nazi, mpaka dude likang'aa kama sufuria ya harusi. Kuna pahala vidole viligusa vijiherufi. Nikaona hivi navyo uchafu tu, nikakaza mkono!

Mzee Faki akalitazama, akanitazama. "Palikuwa na herufi hapa?"

"Zilikuwepo, Mzee."

"Zipi?"

"Moja kama D. Au O. Sikuziangalia sana, nilikuwa nazitoa."

Akashika kichwa. "Ewe mwana, umemuosha shahidi mpaka kafa!"

Akanieleza kwamba zamani Wajerumani wakigonga D.R.G.M., alama yao ya kusajili ufundi, kwenye zana kama hizi, na vita vilipokwisha alama ile ikaachwa. Ingekuwepo, tungejua dude limetengenezwa kabla.

"Na hili jina la nchi yao, si limebaki nusu?"

"Hilo walitia kabla, na walitia baada. Halinisaidii."

Nikachanganyikiwa. "Basi sema tu ni la zamani, Mzee."

"Kusema naweza. Kuapa siwezi. Hii mirathi."

Nikarudi, nikamwambia Bi Mize yote, na msasa nikautaja. Akapitisha kidole pale palipokuwa na herufi, taratibu, kama anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Kisha akamkabidhi Hamadi. "Chukua, ndugu yangu. Nisilolijua sitalidai." Mie hakunikemea hata neno. Laiti angenikemea! Mpaka leo sijui dude lile lilikuwa la nani, na nikifikiri sana nazidi kupotea.

Basi sikiliza, mwanangu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukipata kitu cha kale, usikipambe. Kiangalie na kutu yake, kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta, alama zake zinakili kwenye karatasi, kisha muulize ajuaye. Kutu itangoja, herufi ikishaondoka hairudi. Na bidii nzuri, lakini bidii isiyouliza humwibia mtu haki yake huku jasho linakutoka. Ukishaharibu, sema ulivyoharibu, hata kama utachekwa.

Mwenyezi Mungu akujaalie jicho linalotangulia mkono, akukutanishe na wazee wa kukukemea mapema, na haki ya mtu isipotee mikononi mwako. Amin.