Robi na Presi ya Mabawa

Mashine ya kusaga ya Dorine, pale Rodi Kopany, ilikwama asubuhi ya siku ya soko. Robi alipofika kutoka Suna, akina mama waliopanga foleni na mahindi yao walianza kumhimiza kabla hajatua mkoba wa spana. Kwanza alizima swichi kuu ukutani, akaipiga kufuli jekundu, akatia ufunguo mfukoni.

"Adiera, kweli fundi, unamfungia nani?" Dorine akauliza. "Hapa tuko sisi tu."

"Nafungia sisi," Robi akasema, akachuchumaa kulegeza mkanda.

Harufu ya grisi iliyopata moto ikamrudisha Nairobi, akawa anasimulia huku akifanya kazi. Alitoka Kehancha akiwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha ufundi ndani ya bahasha, akaajiriwa kwenye karakana ndogo iliyounda ndege za kunyunyizia mashamba dawa. Yeye hakuunda ndege. Alitengeneza mashine zilizoziunda. Aliyoipenda kuliko zote ni presi ya kukunja mabati ya mabawa. Ikishuka, chai ilimwagika ofisini. Mwalimu wake alikuwa mzee Arasa, Mkisii aliyebaki na vidole vitatu mkono wa kushoto. Siku ya kwanza alimpa kufuli lililoandikwa jina la Robi kabla ya kumpa hata nyundo.

Ijumaa moja paipu ya oili ya presi ilipasuka. Robi alifunga swichi kwa kufuli lake, akaweka gogo la chuma kuzuia kichwa cha presi kisishuke, kisha akajipenyeza ndani kwa upande wa nyuma mpaka kiunoni. Msimamizi wao, Bichage, alikuwa na mteja anayesubiri mabawa. Alipokuta swichi imefungwa na haoni mtu, alichukua mkasi wa kukatia vyuma. Arasa akasimama mbele yake. Mle ndani Robi alisikia kila neno.

"Toka hapo, mzee. Muda unakwenda."

"Kufuli lina jina la nani?"

"Robi. Ameenda kula, amesahau."

"Umemwona akila?"

Bichage akalitazama kufuli.

"Basi inama kwanza," Arasa akasema. "Ukiinuka na bado unataka kukata, nitakushikia."

Bichage aliinama. Macho yake na ya Robi yakakutana katikati ya vyuma. Mkasi ukamponyoka, naye akaketi kwenye sakafu yenye oili, mtu mzima na tai yake. Jumatatu aliwakusanya wafanyakazi wote akalisimulia kosa lake mwenyewe, bila kujipamba. Tangu siku hiyo Robi alimheshimu.

Alipomaliza kusimulia hayo, mkanda mpya wa mashine ya Dorine ulikuwa umekaa sawa. Robi alirudisha kifuniko, akaangalia pande zote, akafungua kufuli la swichi.

"Unatamani kurudi kule?" Dorine akamuuliza.

"Kurudi wapi? Siku hizi pale wanauza magodoro." Akafuta mikono polepole. "Lakini ndege mpya ikipaa mara ya kwanza, sote tulikuwa tunatoka nje, hata mpishi. Mzee Arasa alikuwa anavua kofia. Hakuna mtu alikuwa anaongea mpaka irudi chini."

Akina mama wa foleni walikuwa wamesogea karibu.

"Na zilikuwa zinarudi?" mama mmoja akauliza.

"Zote zilirudi," Robi akasema. Akawaomba wasogee nyuma, kisha akawasha mashine.