Soksi za Mzee Kinyaa

Miguu ya watu inachukiza, na kama unabisha, basi hujawahi kufanya kazi ya kufua nguo. Mzee Kinyaa aliifanya tangu ujana mpaka mvi zikamjaa, katika kiwanda cha kufulia kilichokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, na kila siku ya Mungu alitia mkono ndani ya soksi za watu asiowajua. Soksi huja zimejigeuza ndani nje, zimekakamaa kwa jasho, na haziingii mashineni mpaka mtu azigeuze. Kuzigeuza ni kupenyeza mkono mzima hadi kwenye vidole. Humo unakuta mchanga, unakuta vipande vya kucha, unakuta na mengine ambayo nikiyataja hapa nitamharibia mtu chakula chake. Alivaa glavu mbili mbili na barakoa juu, na bado alikuwa akinung'unika "kinyaa, kinyaa tupu" kutwa nzima, mpaka wenzake wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake.

Sasa ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, starehe yake kubwa duniani ilikuwa kufuma soksi.

Ilianzia kwenye sanduku la nguo zilizokosa wenyewe. Mlikuwa na soksi moja ya sufu, mpya kabisa, imefumwa kwa mkono, na ncha ya uzi ilikuwa ikining'inia mdomoni mwake. Akaivuta. Uzi ukaja. Akavuta tena na tena, hadi soksi nzima ikaisha na kubaki bonge la uzi mapajani. Uzi mmoja tu, kutoka mdomoni hadi vidoleni, bila mshono popote. Alilipeleka lile bonge nyumbani kumwonyesha mkewe, ambaye siku hizo alikuwa hai. Mkewe akamwambia, "Umeharibu kitu kizima, mume wangu. Haya, kirudishe kilivyokuwa."

Maneno hayo yakamwingia kama deni. Soksi yake ya kwanza haikumtosha binadamu yeyote; mkewe aliivisha chupa ya chai. Nyingine ikabana hata mkono wa mtoto. Nondo waliingia kwenye mfuko wa sufu wakala wakasaza. Kisigino ndicho kilichomtoa jasho hasa, maana pale unaviacha vitanzi vya juu visubiri, unafuma vya chini peke yake, kwenda na kurudi, na ukikosea kimoja soksi inapinda shingo. Siku kisigino kilipokubali na kujikunja chenyewe, alimwita mkewe atoke jikoni na mikono yake ya unga aje kutazama. Halafu kuna soksi ya pili. Hakuna adhabu kama soksi ya pili. Ya kwanza unaifuma kwa hamu, unaimaliza, unajipiga kifua, kisha unakumbuka kwamba binadamu ana miguu miwili.

Lakini alishika. Baada ya miaka michache soksi zake zilikuwa za kutazamwa, na alikuwa na sheria mbili ambazo hakuzivunja kwa mtu. Ya kwanza, hufumi bila kupima mguu. Alipima kwa tepu, amevaa glavu, na mwenye mguu awe amekwisha nawa kwa sabuni na kujifuta. Ya pili, hufungi fundo. Uzi ukiisha njiani, unaulaza mwanzo wa uzi mpya juu ya mwisho wa ule wa zamani na kufuma zote mbili pamoja kidogo, basi, zinashikana. Fundo kwenye soksi ni kokoto kwenye kiatu. Mama Pasi, mwanamke aliyepiga pasi kwenye kona ya kile kiwanda, aliwahi kujaribu kujifunza naye, akafunga fundo moja, akasemwa mpaka akazitupa sindano.

Ndugu aliowapa soksi hizo walishukuru sana na kuzificha kabatini, maana ziliwasha. Hilo halikumuudhi hata kidogo. "Soksi ni safi mpaka mtu atie mguu," ndivyo alivyopenda kusema. Shemeji yake mmoja aliwahi kukutwa akifuta pikipiki kwa soksi ya kijivu yenye mistari, na wawili hao hawakuongea hadi kwenye msiba wa mke wa mzee.

Baada ya mkewe kufa alibaki na binti mmoja. Binti huyo akapenda, na akampenda nani? Mnyonya vyoo. Kijana wa gari la maji taka, yule anayeshuka na gambuti, anafunua shimo lako, anatumbukiza mpira mnene kama paja na kukaa hapo hadi uchafu wa ukoo wako wote uishe. Mzee Kinyaa aliposikia alitapika. Sisemi kwa mfano, alitoka nje akatapika kwenye maua. Siku ya harusi kijana alimnyooshea mkono, mkono uliooshwa mpaka ukapauka, na mzee akautia wake mfukoni mbele ya watu.

Binti aliimeza aibu hiyo. Miezi michache baadaye akaja kwa upole. "Baba, gambuti zinamchubua mwenzangu. Umemfumia soksi kila mtu. Mfumie na yeye."

"Nitamfumia," akasema mzee.

Na kweli alimfumia, ila kwa masalia ya uzi, rangi ya udongo, kwa makisio, bila kumwita ampime. Alipofika chini ya kisigino cha mguu wa kulia uzi ukaisha. Akauangalia ule mwisho. Akachukua uzi mpya na kufunga fundo, akalikaza, akalifunga tena juu yake. Alijua analofanya. Ukiniuliza mimi, huo ni uchafu kuliko chochote alichowahi kukitoa ndani ya soksi ya mtu, lakini wakati ule alijiona amelipiza kidogo, akalala usingizi mzuri.

Kijana alikuja mwenyewe kushukuru, amevaa shati jeupe la kunyooka. Mzee Kinyaa alimkaribisha. Kabla mgeni hajakaa, alichukua gazeti mezani, akalikunjua, akalitandika juu ya kiti. Kijana akakaa juu ya gazeti. Alikunywa chai yake, akashukuru kwa soksi, akaaga. Binti alimsindikiza mumewe hadi barabarani, kisha akarudi peke yake akasimama mlangoni.

"Baba, kazi yako ni kufua chupi za watu," akasema, wala hakupaza sauti. "Akinya kuku sawa, akinya bata kaharisha. Siku utakayomshika mume wangu mkono ndiyo siku nitakayokanyaga hapa."

Mzee akadhani ni hasira za mchana mmoja. Msimu ukapita, na mwingine. Akasikia kwa majirani kwamba binti amejifungua mtoto wa kiume. Akafuma visoksi vidogo vyeupe, jozi baada ya jozi, kila moja kubwa kidogo kuliko iliyotangulia, kwa makisio ya umri, na akavipanga kwenye droo ambayo hakuna aliyeifungua. Mtoto sasa alikuwa na meno, na babu yake hakuwa ameiona hata sura yake. Mara kadhaa alifika kona ya mtaa wao, akaliona lile gari la maji taka limeegeshwa, harufu ikampiga, akageuza.

Na gari hilo lilimfuata hadi kazini. Kiwanda chao kilikuwa na mkataba wa kufua ovaroli za kampuni ya maji taka. Zilikuja kwenye gunia la plastiki lililofungwa kamba, na kwa vile yeye ndiye mkongwe pale, gunia hilo hakuwahi kuligusa. Lilikuwa la Mama Pasi. Lakini juma hilo Mama Pasi aliungua kifundo cha mkono kwa mvuke, akawa amekaa kwenye kigoda na bendeji yake, na msimamizi akasema gunia litoke leo leo.

"Leo ni leo, Mzee Kinyaa," Mama Pasi akamtania. "Usitukane wakunga."

Alilifungua huku uso ameugeuza. Uvundo ulimpanda hadi machoni, barakoa ikawa haina maana. Akazitoa ovaroli moja moja kwa ncha za vidole, akitukana kimoyomoyo kampuni, msimamizi, na matumbo ya watu wote wa mji. Chini kabisa mlikuwa na mfuko mdogo safi, umefungwa vizuri. Ndani mlikuwa na soksi za rangi ya udongo.

"Hizo usitie mashine," Mama Pasi akasema. "Ni za mkono, kwa maji ya baridi. Mwenyewe hupita dirishani kila mara kunikumbusha. Anasema zisije zikasinyaa, zimefumwa na baba mkwe wake."

Mzee akazikunjua. Soksi zilikuwa zimechoka. Zilikuwa fupi kwa mwenyewe, ilionekana wazi, maana ncha za vidole zilikatika zikashonwa, zikakatika tena zikashonwa kwa uzi wa rangi nyingine, mishono mikubwa ya mwanamume. Hakuna soksi zake zilizowahi kuvaliwa hivi. Aligeuza ile ya kulia ndani nje. Chini ya kisigino palibandikwa kitambaa kidogo, na pembeni yake doa la kahawia ambalo mfuaji wa miaka mingi halikosei. Damu haitoki kwa maji ya baridi ikishakaa.

"Hicho kitambaa nilikitia mimi," Mama Pasi akasema taratibu. "Kuna fundo hapo. Nilitaka kulifungua nikaogopa soksi itafumuka yote. Nilishangaa sana, Mzee. Nikasema labda macho yake yamezeeka."

Mzee alivua glavu ya juu, akavua na ya ndani. Akapitisha kidole kitupu juu ya fundo. Lilikuwa bado gumu. Kwa mara ya kwanza katika kiwanda kile alishikwa na kinyaa ambacho hakikuwa na pa kutemwa, kwa sababu kilikuwa chake mwenyewe. Alizifua soksi kwa mikono mitupu, akazikamua ndani ya taulo, akazitia mfukoni zikiwa bado na unyevu.

Jioni, gari lilikuwa limeegeshwa pale pale. Harufu ikamfikia kwenye kona, akaendelea kutembea. Kijana alikuwa ndiyo kwanza amerudi, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, gambuti moja amevua, nyingine bado. Binti alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Alipomwona baba yake hakusalimia.

"Umekuja na gazeti lako?" akauliza.

"Nimekuja na tepu."

Kijana alitaka kuinuka. Mzee akamshika mkono, wa kulia, hivyo hivyo ulivyokuwa, haujaoshwa, akamrudisha chini, kisha akajishusha kwa taabu mpaka magoti yakagusa saruji. Akamwambia avue na ile gambuti nyingine.

"Baba, ngoja kwanza ninawe," kijana akasema kwa aibu. "Nanuka."

"Unanuka kweli. Lete hivyo hivyo."

Mguu ulitoka mweupe kwa maji, umekunjamana, na chini ya kisigino palikuwa na kovu la duara, gumu kama sugu. Mzee aligeuza uso, akaurudisha. Akaushika mguu kwa mikono miwili.

"Lile fundo nililifunga kwa makusudi," akasema.

"Najua, Baba."

"Unajua vipi?"

"Nilizipapasa zote mbili. Hakuna fundo lingine popote." Kijana akatupa jicho mlangoni, akapunguza sauti. "Yeye nilimwambia kidonda ni cha gambuti. Alikuwa amefurahi sana uliponifumia."

Lakini binti alikuwa amesikia. Aliingia ndani, na mlango ukabaki wazi bila mtu. Mzee alibaki ameinamia mguu ule kama aliyeshikwa akiiba. Halafu binti akatoka, mtoto kiunoni bado, na mkono wake mwingine umeshika gazeti. Akalikunjua, akalitandika juu ya saruji kando ya ngazi, akalisawazisha kwa mguu.

"Kaa hapo, Baba," akasema.

Mzee Kinyaa akalitazama gazeti. Akakaa juu yake, likatoa sauti yake chini ya makalio, na mtoto akacheka kwa meno yake machache. Babu akaitoa tepu, akaizungusha kwenye kisigino cha mkwewe, akasoma kipimo, na kwa kuwa safari hii hakutaka makisio, akakisoma mara ya pili.