Jinsi robot ya wanafunzi wetu Kitui ilivyomwagilia wageni maji ikaacha miche

Wakuu, hamjambo popote mlipo. Leo sileti siasa. Naleta kisa changu mwenyewe, na sitaongeza chumvi kwa sababu chenyewe kilikuja na chumvi yake.

Mimi ni mwalimu wa umeme kwa chuo kimoja cha ufundi upande wa Kitui. Jina la chuo nalificha, bado nahitaji mshahara. Kwetu ni Tawa, Makueni, kwa hivyo wale mtanitukana mnajua pa kuanzia.

Iko hivi. Kampuni moja yenye kiwanda kando ya Mombasa road ilitukumbuka, ikatuma engineers wa kushirikiana na sisi kwa mambo ya robotics. Partnership. Hilo neno principal wetu alilipenda mpaka akawa analitumia hata kwa maombi ya asubuhi.

Visit ya kwanza walileta banner.

Visit ya pili walileta mtu wa kupiga banner picha.

Visit ya tatu ndio kit ya kuunda robot ikafika, sanduku safi kabisa, ndani kuna magurudumu madogo laini ya kutembea kwa tiles. Tiles, wakuu. Kwetu tiles ziko kwa choo ya principal peke yake.

Engineer mkubwa alikuwa anaitwa Kioko. Mtu wa Kilungu, amezaliwa huko juu kwa milima kama watu wengine, lakini ukimsalimia kwa Kikamba anakujibu "Good morning." Alituambia robot ikikataa kutembea kwa mchanga, tatizo ni mindset. Akaingia kwa gari, akaenda.

Sasa nikueleze kuhusu Mwende.

Mwende ni mwanafunzi wangu, msichana mpole, anaongea kidogo, mikono yake ndio inaongea. Alikuwa amemaliza kila kitu isipokuwa attachment, yale mafunzo ya kazini, na bila attachment hakuna cheti. Alikuwa ameenda mahali patatu kuomba. Mahali pa mwisho, fundi mmoja alimuangalia juu mpaka chini akamwambia saluni iko upande ule mwingine wa barabara.

Engineers walikuwa wameahidi nafasi moja tu ya attachment kwa kiwanda chao. Itaenda kwa kiongozi wa group, kama robot itafanya kazi mbele ya wageni wa kutoka kampuni. Ikikataa, nafasi inapelekwa chuo kingine huko Makueni. Kiongozi wa group alikuwa Mwende.

Basi Mwende na wenzake wakatoa yale magurudumu ya tiles, wakaweka ya mkokoteni. Motor walitoa kwa wiper ya gari zee walilopata kwa fundi wa vyuma huko Matinyani. Juu wakafunga jerican ya maji. Kazi ya robot ilikuwa moja: kutoka kwa mfereji mpaka kwa nursery ya miche ya maembe, ikifuata mstari mweupe uliopakwa rangi kwa udongo mwekundu uliopigwa ukawa mgumu. Mstari ukiisha, jerican inainama, miche inakunywa.

Iliweza. Wiki nzima iliweza. Mimi na digrii yangu nilikuwa nasimama kando nikisema "good, good" kama nimesaidia.

Halafu ikakaribia siku ya wageni.

Mkenya akisikia wageni wanakuja, anajua dawa ni moja. Rangi nyeupe. Mawe ya njiani yakapakwa. Miti ikapakwa mpaka kiunoni. Kuna mbuzi ya cook ilisimama vibaya, nayo ikapata kidogo.

Jioni rangi ya chuo ikaisha. Principal akaja kwa staffroom akisema anataka mstari wa kuelekeza wageni kutoka gate mpaka kwa tent ya VIP, na ni nani mwenye rangi.

Hapa ndio nataka mnisome vizuri. Chuo kilikuwa kinatafuta deputy principal. Mimi nilikuwa na mkebe wa rangi wa wale watoto, umebaki nusu. Nikauinua mkono wangu haraka kuliko mtoto wa Sunday school anayejua jibu. Sikutoa mkebe tu. Nilishika kamba ya kunyooshea mstari mwenyewe, nikawaonyesha wapakaji wapitie wapi. Mstari mpana, unang'aa, umekata ule wa robot katikati.

Principal akasema, "Huyu ndio mwalimu." Nililala vizuri sana.

Asubuhi Mwende alifika mapema, akauona. Akanijia.

"Mwalimu, hii laini itachanganya robot."

Nikamwambia aache negativity, robot yao ina akili. Sikutaka kufunika kazi ambayo principal amesifu. Hiyo ndio sababu, hakuna ingine.

Wageni wakafika. Director wa kampuni alikuwa mama mmoja mtu mzima, suti ya kijani, anasikiliza kuliko anavyoongea. Kioko akakaa kando yake na viatu vya suede rangi ya maziwa, kwa shamba, Kitui.

Mwende akajaza jerican, akawasha.

Robot ikatoka kwa mfereji vizuri. Watu wakapiga makofi. Ikafika pale mistari imekutana, ikasimama kidogo, halafu ikachagua ule mpana. Ikageuka na heshima zake zote, ikaelekea tent ya VIP. Watu walidhani inaenda kusalimia, wakazidisha makofi.

Mstari ukaisha mbele ya miguu ya Kioko. Jerican ikainama.

Yule engineer wa "Good morning" Kikamba kilimrudia chote siku hiyo, hata kile mtu hatumii mbele ya mama yake.

Alipotulia, akajifuta, akamwambia Director kwamba hiyo ni programming error, na wanafunzi bado hawajafika level. Akaanza kuandika kwa tablet. Principal akaangalia mbingu.

Director akamuuliza Mwende ni nini kimetokea.

Mwende akasema, "Imefuata nyeupe, madam. Kuna mstari mwingine umepakwa jana."

"Nani aliupaka?"

Mwende alikuwa anajua. Mkebe ulikuwa wao, na wapakaji walikuwa wamemwambia. Akaniangalia mara moja tu, akaangalia chini.

"Ni sisi tulikosa kuangalia," akasema.

Wakuu, nilinyamaza. Nataka kuwadanganya kwamba nilisimama hapo hapo, lakini niliahidi ukweli. Nilinyamaza mpaka Director akasema pole, basi nafasi itaenda chuo kile kingine. Nilimuona Mwende akianza kukunja waya polepole, vile mtu anakunja nguo za msiba. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona.

Ndio nikasimama. Nikasema rangi nilitoa mimi, kamba nilishika mimi, na huyu msichana alinionya asubuhi nikamnyamazisha.

Principal akaniangalia na macho ya mtu anayefuta jina kwa orodha.

Director akamuuliza Mwende anaweza kurekebisha kwa muda gani. Mwende alichukua sepetu, akamwaga udongo pale mistari imekutana, akaukanyaga, akachora upya kipande cha mstari wake na brashi. Akapepea rangi na karatasi ya programme ya wageni mpaka ikashika, akajaza maji, akawasha.

Robot ikapita moja kwa moja mpaka kwa miche. Ikamwaga.

Director akamwambia Kioko, "Futa hiyo umeandika."

Deputy principal sikupata. Alipata mwalimu wa upishi, na kusema kweli anafaa.

Mwende yuko kiwandani sasa. Wiki iliyopita alinipigia. Akaniambia kesho yake wanatembelewa na wageni wakubwa, na amekuta watu wanapaka laini mpya kwa sakafu, pale pale vile vigari vyao vya kubeba mizigo vinapita vyenyewe vikifuata mstari.

Nikamuuliza amefanya nini.

"Nimeenda kwa Engineer Kioko nikamwambia mapema," akasema. "Alitoka mbio, mwalimu. Hata hakuuliza swali."

Funzo langu ni hilo. Kioko wa viatu vya maziwa alisikia mara moja. Mimi, mwalimu wa Mwende, nilihitaji jerican nzima.

Haya, nimejivua nguo mbele yenu. Na wewe mwenye uliwahi kunyamaza mwingine akibeba kosa lako, andika hapo chini. Wenye hawajawahi pia waandike, tuwajue hao malaika.