Tonge ya Kwanza

Kila saa sita, kwenye jiko ya kulisha bakimbizi ku paruwasi moja ya Wakatoliki ya Butembo, Jemima anakula tonge ya kwanza mbele ya batu bote. Toka wakati ya Ebola, bakimbizi bengi wanaogopa sumu, hawagusi sahani kama mwenye kugawa hajameza. Hakuna mwenye anamulipa. Alianza kuja kisha kuzika mutoto wake, juu nyumba yake ilikuwa imenyamaza sana.

Muzee Mathe alikuwa amekimbia vita kule Mavivi, na siku tatu alikuwa hajakula. Siku ile Jemima akakaa mbele yake, akakata bugali kwenye sahani ya muzee, akachovya mu maharagi, akameza.

"Tena," muzee akasema.

Akameza tena.

"Tena. Sumu ingine inakawia."

"Eh, muzee!" Christa, mwenzake wa jiko, akacheka. "Atashiba yeye, wewe utabakia na sahani!"

Jemima akameza mara ya tatu. Hakuogopa, hakukasirika.

Muzee akamuangalia sana. Kisha akakata tonge kidogo kama ya mutoto, akatafuna polepole.

"Mama, umekula mara tatu. Haukusikia kama chumvi haiko?"

Christa akaonja mu sufuria, akashika kinywa.

"Hapana, muzee," Jemima akajibu. "Sikusikia. Toka nizike mutoto, sisikii tena utamu ya chakula."

Akaenda kuleta chumvi. Muzee akaitia mwenyewe, akakula, kisha akamukatia Jemima tonge ingine.

"Mimi nimetangulia," akasema. "Sasa kula."

Jemima akafungua mukono, akaipokea.