Nakala yangu ya kamusi ya Neema

Leo nimejiandika kuwa mwenye programu aliyoianzisha mwenzangu Neema, nikalia.

Ni ile kamusi yetu ya Kinyamwezi. Hatukuiweka kwenye tovuti yoyote. Tuliipokezana moja kwa moja, kompyuta yake na yangu, na ufunguo wake wa kidijitali pekee ndio ulioidhinisha mabadiliko.

Tulimzika mwezi uliopita, kijijini Ntalikwa.

Juzi mdogo wake alifuta kila kitu kwenye kompyuta ya Neema ili aitumie kusomea. Hakujua kuwa ufunguo umo humo. Ufunguo ukapotea.

Basi leo nimeanzisha nakala inayojitegemea, yenye ufunguo wangu, kisha nikaenda kumwambia mama yake.

“Kwa hiyo umemtoa mwanangu kwenye kamusi?”

“Hapana, mama. Kila neno aliloandika linabaki na jina lake.”

“Na maneno mapya?”

Hayo yatakuwa na jina langu, nami nikaaga bila kumwambia (mnanijua nilivyo mwoga).

Ninyi mngemjibu nini?